Betri ya sola haijai, au inaisha kabla ya saa nne usiku: kagua mipangilio ya inveta kwanza

Inveta nyingi za nyumbani zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri ya asidi aina ya AGM, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji. Fundi anafunga, anaona taa ya kijani, anawasha balbu, analipwa, anaondoka. Betri iliyoko chini inaweza kuwa ya lithiamu, ya jeli au ya maji, na inveta haina habari. Inafuata namba ilizokutwa nazo. Miezi michache baadaye mwenye nyumba anaambiwa betri ni mbovu, anunue nyingine. Kabla hujatoa hela hiyo, pitia dalili hizi.

Uwe na vitu vitatu: multimita, kitabu cha inveta, na kibandiko cha betri yenyewe. Kibandiko ndicho kinachosema aina, volti na ampea-saa (Ah). Kisha pitia menyu yote ya inveta na kupiga picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha hata namba moja. Watu hawapendi hatua hii, lakini bila hizo picha huwezi kurudi ulikotoka.

Usalama kwa ufupi. Ukitaka kufungua nyaya, zima vyombo vya ndani, kisha breka ya paneli, kisha umeme wa gridi, na betri iwe ya mwisho. Kuwasha ni kinyume chake: betri kwanza. Ukiichomoa betri wakati paneli bado zinaingiza umeme, volti za ndani hupaa ghafla na unaweza kuua inveta. Waya za paneli zilizounganishwa mfululizo zinaweza kubeba volti mia kadhaa za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, hizo usiziguse wazi hata kidogo. Betri ya volti 48 kwa kawaida haitakurusha, lakini spana ikigusa vichwa vyote viwili itayeyuka mkononi mwako. Vua pete na saa.

Namba za menyu hutofautiana. Katika inveta za familia ya Axpert, na nyingi zinazofanana nazo, aina ya betri iko namba 05, volti ya kujaza 26, volti ya kutulia (ya kuishikilia betri ikishajaa) 27 na volti ya kukata (ambapo inveta inaacha kuitumia betri) 29. Katika Growatt za SPF aina ya betri ni 05 vilevile, lakini hizo nyingine tatu ni 19, 20 na 21. Deye haina namba za namna hii, ina kurasa za menyu. Kwa hiyo usinakili namba kutoka kwenye video ya mtu mwenye inveta tofauti na yako.

Betri haijai hata siku ya jua kali

Anza na aina ya betri. Ikiwa imeandikwa AGM na wewe una lithiamu, au kinyume chake, hapo pekee panatosha kueleza shida. Chagua “USE”, yaani ujaze namba mwenyewe, au chagua lithiamu kama waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta umeunganishwa. Kwa mfumo wa volti 48, namba za kuanzia ni hizi, ila kibandiko au karatasi ya betri yako ikisema vingine, ifuate hiyo:

AGM, yaani betri nne za volti 12 mfululizo: kujaza 57.6, kutulia 54.0.
Jeli: kujaza 56.4, kutulia 54.0.
Lithiamu ya seli 16, iliyoandikwa 51.2V: kujaza 55.2 hadi 56.8, kutulia 53.6 hadi 54.4.
Lithiamu ya seli 15, iliyoandikwa 48V: kujaza karibu 53.2, basi.

Huo mstari wa mwisho umewaponza wengi. Lithiamu ya seli 15 na ya seli 16 zote sokoni huitwa “ya 48”. Ukiipa ya seli 15 volti 56, kila seli inapata zaidi ya volti 3.7, na kikomo cha seli ya aina hii ni 3.65. Kidhibiti cha ndani, BMS, kitakata. Ukifanya kinyume, yaani ukaipa ya seli 16 volti 53.2, haitajaa kamwe na utadhani imezeeka. Soma kibandiko: 51.2 ni seli 16, 48 ni seli 15.

Baada ya volti, angalia ampea. Namba 02 ndiyo jumla ya ampea za kuchaji, sola na gridi pamoja, na 11 ni za gridi peke yake. Betri ya asidi inataka kati ya asilimia 10 na 20 ya ukubwa wake, kwa hiyo benki (betri zilizounganishwa pamoja) ya 200Ah ni ampea 20 hadi 40. Chini ya hapo jua linazama kabla haijajaa, na betri ya asidi inayolala ikiwa nusu, siku baada ya siku, hujenga ganda la salfa kwenye sahani zake hadi inakufa kweli. Lithiamu nyingi za 100Ah zinaridhika na ampea 50. Nimekuta mara nyingi 02 ikiwa imeachwa 60 kwa betri moja ya lithiamu ya 50Ah, na pia ikiwa 10 kwa benki kubwa ambayo paneli zake zingeweza kuipa mara nne ya hapo.

Kama namba zote ni sahihi, simama mbele ya kioo cha inveta saa saba mchana. Soma wati zinazotoka kwenye paneli, kisha wati zinazoliwa na nyumba. Tofauti ndiyo inayoingia kwenye betri. Pampu, friji mbili na pasi vikitembea mchana kutwa, betri inapata makombo. Hapo hakuna mpangilio wa kukusaidia. Ongeza paneli, au panga pasi siku ambayo betri imeshajaa.

Joto nalo lina sehemu yake, hasa pwani. Volti za betri ya asidi zimepangwa kwa nyuzi 25. Chumba cha betri Dar es Salaam au Mombasa kikifika nyuzi 35, volti ya kujaza benki ya 48 inatakiwa ishuke kwa karibu volti 0.7 hadi 1.2, la sivyo unaikaanga taratibu: ya maji inakauka, ya jeli inavimba. Inveta yenye waya wa kupima joto hufanya hesabu hiyo yenyewe, ila waya uwe umegandishwa kwenye betri, si unaning'inia hewani. Lithiamu haihitaji marekebisho hayo.

Kioo kinaandika asilimia 100, halafu taa zinazimika

“Fundi, ile betri imekufa.”
“Shikamoo mama. Kioo kinaandika nini?”
“Marahaba. Kinaandika mia.”
“Mia, na taa zimezima?”
“Zimezima baba, tuko gizani.”

Mazungumzo haya kila fundi wa sola anayafahamu. Asilimia inayoonekana kwenye kioo, kama hakuna waya wa mawasiliano kati ya inveta na betri, ni kisio tu linalotokana na volti. Kwa betri ya asidi kisio hilo lina maana kiasi: iliyopumzika ikiwa na volti 12.7 imejaa, na 12.1 au 12.2 iko karibu nusu. Kwa lithiamu halina maana. Volti ya seli ya lithiamu fosfati hukaa karibu na 3.2 au 3.3 kuanzia karibu asilimia 90 hadi 20, kisha huporomoka. Kioo kinaona volti 53 na kuandika mia, kumbe nusu imeshakwenda.

Tiba ni waya wa BMS, tutaufikia chini. Ukishindwa kuupata, acha kuangalia asilimia na uitawale betri kwa volti. Kama waya upo na asilimia bado inadanganya, huenda betri haijajazwa hadi juu kwa muda mrefu. BMS huhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo hujikusanya hadi ipate chaji kamili ya kujisahihisha. Ijaze kwa gridi mpaka mwisho, uiache hapo saa chache.

Kwa betri ya asidi dalili hiyohiyo ina maana mbaya zaidi. Volti inapanda haraka asubuhi, saa nne imeshaandika imejaa, jioni inaanguka ndani ya nusu saa. Hiyo ni betri iliyopoteza uwezo. Pima kila moja peke yake huku mzigo ukiwa umewashwa. Tatu zikiwa na 12.2 na ya nne 10.8, umempata mwizi. Usibadilishe moja tu katikati ya wazee watatu, maana mpya itafuata mwendo wao.

Mchana jua kali, inveta inalia na kuandika 03

Katika familia ya Axpert hitilafu 03 ni volti ya betri kupita kiasi. Kwa mwenye lithiamu kisa chake huwa ni kimoja. Mtu amesoma kwamba seli inaruhusiwa hadi 3.65, akazidisha kwa 16, akapata 58.4, akaiandika kuwa volti ya kujaza. Lakini seli hazilingani. Moja inafika 3.65 wakati nyingine ziko 3.45, BMS inafungua mlango ili kuilinda hiyo moja, na umeme wa paneli uliokuwa ukimiminika unakosa pa kwenda. Volti za ndani ya inveta zinaruka, taa zinamweka, kengele inalia.

Shusha volti ya kujaza hadi 55.5 na ampea za kuchaji kwa nusu. Acha hivyo kwa wiki kadhaa. Seli zitapata muda wa kusawazishwa na BMS, kwa sababu BMS nyingi husawazisha karibu na kilele tu, tena kwa ampea ndogo mno. Baadaye unaweza kupanda hadi 56 ukitaka. Faida ya kupanda zaidi ya hapo ni ndogo kiasi kwamba mimi huwa sipandi.

Umeme wa gridi upo, lakini betri inaliwa tu. Au LUKU inakimbia

Hapa hakuna kilichoharibika, ni mpangilio wa kipaumbele. Namba 01 inaamua nyumba itumie umeme wa wapi kwanza. Ikiwa SBU, inakula sola, kisha betri, na gridi ni ya mwisho. Ikiwa ya gridi kwanza, USB au UTI kutegemea inveta, betri inasubiri umeme ukatike. Mwenye kuogopa mgao achague gridi kwanza. Mwenye kutaka kupunguza bili achague SBU, akijua kwamba umeme ukikatika saa tano usiku betri itakuwa imeshatumika.

Chanzo cha kuchaji ni suala jingine, namba 16 kwenye Axpert au 14 kwenye Growatt SPF. SNU inaruhusu sola na gridi kuchaji pamoja, OSO ni sola pekee. Nyumba iliyowekwa SBU na SNU kwa pamoja inaweza kuingia kwenye mzunguko wa kipuuzi: jioni inamaliza betri, usiku inarudi gridi na kuijaza betri kwa tokeni za LUKU, asubuhi paneli zinakuta betri imejaa na hazina kazi. Juu ya hayo, betri ya asidi inapoteza karibu moja ya tano ya umeme katika kuingia na kutoka. Weka OSO, au punguza ampea za gridi kwenye namba 11.

Ta, ta, ta: inahama gridi na betri kila dakika chache

Ni swichi ya ndani inayogonga. Volti ya kurudi gridi (namba 12) na ya kurudi betri (13) ziko karibu mno. Mzigo ukitolewa, volti ya betri hupanda yenyewe bila hata kuchajiwa. Ukiweka 12 iwe 49 na 13 iwe 51, betri inashuka hadi 49, nyumba inahamia gridi, betri inapumua na kufika 51, inarudishwa kazini, inaanguka tena.

Tenganisha namba hizo. Kwa AGM au jeli: 12 iwe 48, 13 iwe 54. Kwa lithiamu ya seli 16: 12 iwe 50, 13 iwe 54. Volti ya kukata kabisa sharti iwe chini ya namba 12, vinginevyo inveta itazima nyumba kabla haijawahi kuhamia gridi. Kwa asidi, kiwanda huacha 42, ambayo ni 10.5 kwa kila betri. Huko ni kuimaliza kabisa. Mimi huweka 46 kwa mwenye gridi. Lithiamu ya seli 16 inakaa vizuri kwenye 48, kabla BMS haijalazimika kukata yenyewe.

Betri imejaa, usiku haitumiki

Hii ni ya Deye na ndugu zake. Ukurasa wa saa za matumizi una mistari sita: saa, nguvu na asilimia ya betri. Watu hudhani ile asilimia ni ya kujaza hadi hapo. Ni sakafu: katika saa hizo betri haitashuka chini yake maadamu gridi ipo. Ukiandika 100 mistari yote, betri haitoki hata wati moja mpaka umeme ukatike. Andika 30 au 40 kwa saa za jioni. Kile kisanduku cha gridi kando ya mstari kikiwekwa alama, ndipo gridi inaruhusiwa kuijaza hadi asilimia hiyo.

Ukurasa wa betri una asilimia nyingine tatu: ya kuzima, ya onyo na ya kuanza tena. Anayelalamika kwamba umeme wa jua umerudi tangu asubuhi na nyumba bado giza, aangalie ya kuanza tena. Ikiwa 50, betri iliyozima kwenye 20 haitatoa kitu mpaka ifike 50. Siku ya mawingu hiyo ni saa nyingi.

Friji au pampu ikiwaka, kila kitu kinazimika

Weka multimita kwenye vichwa vya betri. Washa jagi la umeme la wati 2000, ambalo kwenye mfumo wa 48 linavuta karibu ampea 44. Soma. Sasa hamisha multimita kwenye vichwa vya inveta, jagi likiwa bado linachemsha. Ukisoma 51.0 kwenye betri na 48.6 kwenye inveta, volti 2.4 zimepotelea njiani. Inveta inaona 48.6 na kuamini betri imeisha. Nusu volti ndiyo ya kuvumilia.

Shika nyaya kwa tahadhari, tafuta penye joto. Mara nyingi ni lagi, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya, iliyobanwa kwa koleo la kawaida badala ya mashine, au nati iliyolegea, au breka ya AC (ya umeme wa gridi) iliyotumiwa upande wa DC. Inveta ya kilowati 5 ya volti 48 inataka waya wa milimita za mraba 35 au zaidi, mfupi iwezekanavyo. Kwenye mfumo wa 24 ampea huongezeka maradufu, na waya huohuo unakuwa mwembamba. Betri zikiwa sambamba, chanya itoke kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho ili zote zibebe sawa.

Kama volti imeanguka kwenye vichwa vya betri vyenyewe, waya hauna kosa. Betri ni ndogo kwa mzigo, au imechoka.

Kioo kinaandika onyo 61, au alama ya BMS haionekani

Mawasiliano yamekatika. Plagi inafanana na ya intaneti, lakini mpangilio wa pini haufanani kati ya watengenezaji, kwa hiyo waya wa intaneti wa dukani unaweza kuingia vizuri na usifanye kazi. Tumia uliokuja na betri, au tengeneza kwa kufuata mchoro wa vitabu vyote viwili. Angalia umechomeka tundu lipi, CAN au RS485, na kama itifaki (lugha ya mawasiliano) iliyochaguliwa kwenye inveta ndiyo ya betri yako. Betri zikiwa zaidi ya moja, vile viswichi vidogo vya anwani viweke moja iwe mkuu na nyingine wafuasi, kisha zima na uwashe betri, kwa sababu nyingi husoma anwani wakati wa kuwaka tu.

Mawasiliano yakishika, BMS ndiyo inayotoa amri za volti na ampea, na nyingi ya namba ulizoandika kwa mkono hazitumiki tena. Usishangae ukiona ampea zinashuka hadi 5 karibu na mwisho.

TANESCO ipo, inveta inasema haipo

Pima soketi. Kuna mitaa ambayo jioni volti hushuka chini ya 170. Kwenye namba 03 ya menyu, mpangilio wa UPS unakataa chini ya 170, wa APL unakubali kuanzia 90. APL inatosha kwa taa na friji ya kawaida, ila kompyuta ya mezani inaweza kujizima wakati wa kuhama.

Kama namba zote ziko sawa na bado inaisha mapema

Piga hesabu. Lithiamu ya 51.2V, 100Ah ni kilowati-saa 5.1, na za kutumia ni kama 4.5. Benki ya betri nne za asidi za 200Ah ni 9.6, lakini utumie nusu, yaani 4.8. Inveta ya kilowati 5 yenyewe inakula wati 50 au 60 hata nyumba ikiwa imelala, na hiyo ni zaidi ya nusu kilowati-saa kila usiku kabla hujawasha balbu. Toa friji, toa televisheni, toa feni za vyumba vyote.

Kisha ijaze kikamilifu, zima gridi na paneli, weka mzigo unaoujua wati zake na uandike saa hadi inakata. Betri ya 5.1 ikikata baada ya kilowati-saa mbili, huku volti kwenye vichwa vyake zikishuka pamoja na zile za inveta, hapo ni betri. Mpelekee muuzaji matokeo hayo pamoja na zile picha za menyu, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa ulikuwa ukiichaji kwa volti ngapi.